Wasifu wa Mzee Aliye Hai

Jumamosi niliingia maktaba ya mtaa wetu, East Side hapa Buffalo, kukwepa baridi nikisubiri basi. Nilikuwa na jirani yangu Mkongomani. Viti vilipangwa, vyote vitupu, isipokuwa kimoja cha mbele alichokalia mzee Mmarekani, koti bado mwilini. Mfanyakazi wa maktaba alikuwa ameanza kuvikunja. Alipotuona akaviacha, akatusomea karatasini wasifu wa mshairi mmoja: amezaliwa Louisville, amefundisha Columbus miaka mingi, ameandika vitabu sita vya mashairi, na magazetini alikuwa mhakiki, yaani mtu wa kuwaambia washairi wenzake mashairi yao hayafai.

Jirani akaninong'oneza, akianza kwa Kifaransa chake, "Bon, ni nani alikufa?"

Sikumcheka. Kwetu maisha ya mtu husomwa hivyo siku ya kumzika. Nikamwendea mzee, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kiwandani, "Pole. Marehemu ni ndugu yako?"

Akatazama viti. "Ni mimi, mama. Nimekuja kusoma mashairi yangu."

"Na wale washairi wenzako?"

"Hakuna aliyekuja."

"Ungewapa neno jema moja moja, leo tungekosa pa kukaa."

Akafungua kitabu, akaanza kusoma. Nilielewa maneno machache sana.

Jirani akanivuta nguo. "Tuende, mama, basi inafika."

"Kaa," nikamwambia. "Wasifu umeshasomwa. Tutaondokaje kabla ya kuzika?"