Mashine Iliyosubiri Krismasi

Simu ya msiba ilinikuta nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa uani kwangu Njoro, nasugua barakoa ya mashine yangu ya usingizi. Aliyepiga ni mke wa marehemu, kutoka Himo. Hakulia. Alisema tu kwamba mwenzangu alilala na hakuamka, na kwamba mashine yake ilikuwa inafanya kazi vizuri, nisije nikafikiri vinginevyo; ni moyo uliochoka. Nikasema pole, nikasema tuko njiani, nikaweka simu chini. Machozi yalikuja, lakini kabla yake kilikuja kitu kingine, na wasomaji wangu wa siku nyingi hawatashangaa nikikitaja: wivu. Hata kufa amenitangulia vizuri. Amekufa usingizini, kitandani mwake, mkewe ubavuni. Mimi ubavuni kwangu kuna mto na redio.

Nieleze kidogo huyu mtu alikuwa nani kwangu. Ndugu si ndugu, na nikimwita rafiki nitakuwa nimempa cheo ambacho yeye mwenyewe angekicheka. Tulizaliwa majirani huko Mkuu, vihamba vya baba zetu, yaani mashamba ya ukoo, vimetenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya mpakani, tukasoma darasa moja, tukashuka mlima pamoja kutafuta maisha. Yeye akafungua duka la vifaa vya ujenzi Himo, pale njia panda. Mimi nikaja hapa Njoro, mjini Moshi, kuandika. Tangu hapo tulikuwa watu wa kupimana. Akinunua pikipiki, na mimi lazima ninunue. Mtoto wake akifaulu, wangu nyumbani anakosa amani. Safu yangu ikitoka gazetini, yeye alikuwa akiifungia wateja wake misumari, na alihakikisha habari hiyo inanifikia.

Uzeeni tukaugua ugonjwa mmoja, kana kwamba hata hapo tumeamua kushindana. Unakoroma, kisha pumzi inakatika katikati ya usingizi, mwili unashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka mtoni, na asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Daktari akampa kila mmoja wetu mashine inayosukuma hewa kupitia mpira mpaka kwenye barakoa ya puani. Mashine inafanya kazi, simsingizii mtu. Ila hewa yake ni kavu. Pua inakauka mpaka inatoa damu, koo linawasha, na bila kujua unaivua barakoa ukiwa usingizini. Ukiivua, kukoroma kunarudi pale pale kulipoachia. Mke wangu alivumilia, akavumilia, halafu akachukua shuka zake akahamia chumba alichokiacha binti yetu alipoolewa. Hakugombana na mtu. Alisema nikinyamaza atarudi. Basi hicho ndicho nilichokuwa nakitaka katika dunia hii: kunyamaza, ili mke wangu arudi chumbani.

Dawa ya ukavu ule ipo. Ni tangi dogo la maji linalokaa juu ya kisahani cha moto. Hewa inapita juu ya maji yale, inafika puani ikiwa vuguvugu na ina unyevu. Daktari alitueleza sote maneno yale yale. Angalieni linaloingiana na mashine zenu. Angalieni linalofunguka vizuri, kwa sababu kila siku litaoshwa na kuwekwa maji safi kabisa ya duka la dawa, si ya bombani wala ya mfereji wa mlimani hata kama mnajivunia kiasi gani. Na angalieni chumba mnacholala, maana chumba kikiwa baridi, mvuke unageuka maji ndani ya mpira na kukutemea usoni. Hapo mtataka mpira wenye waya wa joto, au muufunike kwa kitu. Mwenzangu akaenda kuchagua na mkewe. Muuzaji alinisimulia baadaye kwamba mama yule alifungua na kufunga kila tangi lililokuwapo, akalinusa, akaingiza mkono, na lile zuri kuliko yote akalikataa kwa sababu vidole vyake havikufika kwenye kona. Wakaondoka na dogo, la kawaida. Mimi nilikwenda peke yangu. Swali langu la kwanza dukani lilikuwa moja tu: yule bwana wa Himo amechukua lipi? Nilipoonyeshwa, nikaomba lililo kubwa kuliko hilo, na mpira wake wa joto.

Kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa kwingine atalishangaa, lakini Mchagga atalielewa kabla sijamaliza sentensi. Nikalipeleka Mkuu. Sisi tunaishi chini, tunajenga juu. Njoro nina kochi lililobonyea katikati, ukikaa wawili mnakutana mabega mpende msipende. Mkuu nina makochi ambayo bado hayajavuliwa nailoni. Mwaka mzima nyumba ile inakaliwa na kufuli na mbwa, na Desemba ndipo tunapopanda kuifungulia madirisha. Nilijiambia kwamba juu ni baridi, mpira wa joto utafaa huko, na huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba huko ndiko wanakopita wajomba na mashangazi kukagua vyumba. Nikaliweka kando ya kitanda kikubwa, nikalifunika kitambaa cha kufuma, nikateremka na pua yangu kavu kwenda kusubiri Krismasi.

Krismasi ikafika, mwenzangu akaja kunisalimia huko juu na kibuyu chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Aliingia mpaka chumbani bila kukaribishwa, kama jirani anavyojipa haki, akafunua kile kitambaa, akacheka mpaka akakaa kitandani.

“Meku,” akaniambia, kama tunavyoitana wazee kwa Kichagga, “kifaa chako kinalala vizuri kuliko wewe.”

Nikamjibu kwamba yeye hata nyumba ya kuweka kifaa hana, maana akipanda Mkuu alikuwa bado analala kwenye nyumba ya marehemu baba yake, ile ya bati lililopauka. Akasema ni kweli, akaendelea kucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala, macho meupe, mashavu yametulia. Nimemwonea mtu yule wivu wa pikipiki, wa duka na wa watoto, lakini wivu wa uso ule ulinikaa rohoni vibaya. Wiki chache baadaye nilipita kwake Himo kwa kisingizio cha kununua bawaba, nikaomba nione kifaa chake. Kilikuwa juu ya stuli, tangi linang'aa. Mpira wake ulikuwa umevishwa koti la sufi, lililoshonwa kutokana na sweta kuukuu la shule la mmoja wa watoto, ili majira ya baridi yasiupoze. Aliniambia mkewe ndiye aliyeshona. Nilinunua bawaba ambazo mpaka leo sijui za mlango gani.

Tulimzika Mkuu, kihambani kwao, kati ya migomba. Watu walijaa mpaka barabarani, kwaya zilikuja mbili, mtori wa ndizi haukuisha, nami nilijikuta nahesabu magari na kujiuliza kwangu yatakuja mangapi. Wazee waliokaa nyuma yangu wakanong'ona kwamba mtu mzima na duka lake Himo ameacha nyumba ya bati. Maneno yale yalinipoza moyo, Mungu anisamehe. Nikaingia ndani kumwona mjane. Nilikuwa na pole mdomoni, na nyuma ya pole nilikuwa na ombi. Lile tangi dogo. Langu lipo, najua, tena kubwa kuliko lake, lakini nilikuwa nimeshaamini kwamba usingizi wa bwana yule uliishi ndani ya tangi lile na si kwingine. Nikazunguka, nikagusia mbali, nikasema vitu vya marehemu hupata shida visipotumika. Shemeji alinitazama kwa upole.

“Ile mashine usiniombe, shemeji,” akasema. “Nikienda kulala naiwasha, naiweka upande wake. Na maji naiwekea, isije ikakauka. Nimeuzoea ule mlio. Bila huo silali.”

Nilikuwa nimekwenda kuomba kifaa cha marehemu, nikatoka namwonea wivu marehemu mwenyewe, tena kaburini. Mtu amekufa na bado anawashiwa, bado anawekewa maji. Mimi nipo hai, na mlio wangu umemhamisha mtu chumba.

Nimefikiri sana tangu siku ile kuhusu namna tunavyochagua vitu. Tunauliza kipi kikubwa, kipi kipya, jirani amechukua kipi. Tunanunua vikombe vya wageni na kunywea vya plastiki, tunajenga vyumba vya kulala ambavyo havijawahi kusikia mtu akikoroma. Yule mwenzangu alichelewa katika mengi, hakujenga, hakupaka rangi, na wazee walimsema mbele ya jeneza lake. Lakini kila kilichokuwa kizuri alikiweka pale alipolaza kichwa, na alimpeleka dukani yule ambaye angelala naye. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wanasema watu, ila yeye aliipata heri nzima, na hakuona haja ya kumwonyesha mtu.

Siku ile ile, baada ya maziko, nilivuka mstari wa masale mpaka nyumbani kwangu, nikalibeba tangi langu pamoja na kitambaa chake. Mke wangu, aliyekuwa anaaga akina mama jikoni, aliniona nalipakia akauliza kama Krismasi imesogezwa. Tulipofika Njoro alilichukua mwenyewe, akaingiza mkono, akasema huyu aliyechagua hakufikiria mtu wa kuosha. Vidole havikufika kwenye kona. Akatafuta mwiko mwembamba, akaufunga kitambaa safi, akasugua mpaka akaridhika. Wakati wa kulala ulipofika nikavaa barakoa, nikawasha, na hewa ikaja vuguvugu kama pumzi ya mtu. Akasimama mlangoni akisikiliza, kisha akaja na mto wake. Nikavua barakoa kidogo nikamuuliza kama ule mlio utamsumbua.

“Nitauzoea,” akasema, akazima taa.

Kwa hiyo msomaji unayetaka kununua kifaa hiki, mambo ya tangi na mpira atakueleza daktari wako, na atakueleza vizuri. Mimi nina moja tu la kuongeza, nililojifunza kwa mtu niliyemwonea wivu maisha yangu yote na ambaye sijamaliza kumwonea: usiende kuchagua peke yako. Nenda na yule ambaye siku moja atabaki na mlio wake.