Nyaya Mbili za Simu ya Upepo

Miaka ile watu wa bonde la Rukwa walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya, mimi nilikuwa mpokeaji wa simu ya upepo katika ofisi moja ya serikali mjini Sumbawanga. Dada yangu mkubwa alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya Mtowisa, kule chini bondeni. Masika yakiharibu barabara ya mteremko, magari ya abiria yalikoma, tukabaki na sauti yake tu, nayo haikuwa ya kutegemea. Ilizama katikati ya neno, ikaibuka wakati ameshamaliza kusema.

Fundi wetu, mtu wa Mbeya, alisimamisha eriali ya pili mwisho wa uwanja, karibu na uzio, mbali na ile ya zamani iliyokuwa juu ya paa. Kila eriali ikawa na redio yake ya kupokelea. Moja niliisikiliza kwa sikio la kushoto, nyingine kwa la kulia. Fundi hakutaka kuamini kabla ya kujaribu. Asubuhi kadhaa dada alitusomea majina ya dawa zilizokuwa rafuni kwake, nasi tukaweka alama kwa kila jina lililosikika sawasawa: kwa eriali ya zamani peke yake, kwa mpya, kisha kwa zote mbili. Kwa zote mbili, yaliyopotea yalikuwa machache mno. Lakini fundi alipoisogeza ile ya pili hadi karibu na paa, majina yakaanza kupotea tena.

"Zikikaa pamoja zinazama pamoja," alisema. "Zikiachana, moja ikizama nyingine inaibuka."

Akairudisha kwenye uzio.

Kisha ofisi zote zikaagizwa kulima. Mkuu wetu alikuwa ameulizwa mbele ya wenzake kwa nini uwanja wake bado una majani. Trekta ilipopatikana, akaamuru nguzo ya eriali ya pili ing'olewe na waya wake ufungwe kwenye paa, kando ya ule mwingine.

"Ndugu, itakuwa kama hatuna wa pili," fundi alimwambia.

"Mwaka huu tuvune kwanza. Nguzo haikimbii."

Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni adhuhuri ile dada alipoita. Hakusubiri shikamoo yangu.

"Mzazi anatoka damu. Gari lisije zahanati, liende moja kwa moja..."

Masikio yote mawili yakajaa mvumo. Sauti ilipoibuka alikuwa anasema, "...yuko huko kwa wakwe zake. Ova."

"Dada, rudia kijiji. Rudia kijiji. Ova."

Alirudia. Ndani ya ule mvumo niliitambua sauti yake, ila neno lenyewe halikutoka. Fundi alipanda juu ya paa akawa anauvuta waya mmoja kwa mikono, kuutenga na mwenzake. Haikusaidia. Dereva alikuwa ameshawasha Landrova.

"Niende wapi, dada?" aliniuliza.

Nilimwambia aende zahanati, aulize pale. Sikuwa na jingine la kumwambia.

Alipofika akaelekezwa kurudi nyuma, kwenye kijiji alichokuwa amekipita. Alimkuta mwanamke amefariki muda si mrefu, mwili bado una joto. Mtoto alikuwa hai, bibi yake amemfunga ndani ya khanga.

Barabara ilipotengemaa dada alipanda mjini, akafikia kwangu Milanzi. Nilimtengea ugali, hakuugusa.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia nusu."

"Nilirudia mpaka koo likauma."

"Najua, dada."

Aliisogeza sahani kando. "Mume wa marehemu alilisikia gari likija. Akatoka kulipungia, likampita. Ananiuliza kwa nini lilimpita."

Kesho yake fundi aliingia shambani, akafyeka mahindi mabichi pale ilipokuwa nguzo, akaanza kuchimba. Mkuu alimtazama dirishani kwa muda; nguzo iliposimama, akatoka kumshikia ngazi.

Tangu hapo tulisikilizana vizuri. Hata hivyo dada akawa hataji kijiji mara moja tu. Alikitaja, akakirudia polepole, silabi kwa silabi, hata siku ambazo sauti yake ilinifikia kama vile amekaa chumba cha pili.