Dua ya Jumamosi Iliyopita

Ulikuwa mwaka wa nne tangu tukimbie Mapinduzi ya Unguja. Dukani kwake Matrah, huku Omani, jirani yangu mzee hupokea magazeti ya Uingereza kwa meli, fungu la mwezi mzima. Husoma moja kwa siku, na ole wako uchungulie la chini.

"Tukishinda Jumamosi hii hatushuki daraja," akaniambia, kidole juu ya msimamo wa ligi. "Nna imani. Niombee dua, mwanangu."

Redio ilikwisha nambia zamani: timu yake ilifungwa, ikashuka. Nikafungua mdomo. Yeye akayakandamiza magazeti kwa ufunguo wa nyumba yake ya Unguja, yasipeperuke.

Nyumba ile nayo najua nani anakaa siku hizi.

"Inshaallah, baba," nikasema, "tutashinda."