Siku Mama Otilia Alipotuimbia

Harufu ya pasi ya makaa juu ya shuka lenye unyevu ndiyo inayonirudisha Chawia, kijijini kwetu katika milima ya Taita, miaka ya hamsini, msimu ule wa ukungu ambapo nguo zilikaa siku tatu kambani bila kukauka. Mama yangu alifua na kupiga pasi kwa mjane wa Kizungu, Mama Otilia, ambaye marehemu mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge karibu na Voi. Nilipotoka shule nilikwenda kumsaidia Mama kukunja mashuka, na mjane yule, akiwa kitini, alitusimulia maisha yake kwa Kiswahili cha kusitasita. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa mwimbaji wa opera, yaani michezo ya jukwaani ambamo watu huimba badala ya kusema, na yake ilikuwa ile sauti ya juu kabisa ya kike. Binti wa fundi viatu, alianzia kanisani, na kabla hajafika miaka ishirini na mitano watu wa miji mikubwa ya Ulaya walisimama kumpigia makofi. Kisha akaugua homa, na mwenye jumba la maonyesho akakataa kuahirisha onyesho. Aliimba hivyohivyo. Alipopona, sauti ya juu haikurudi. Akahangaika miaka minne katika majumba yaliyozidi kuwa madogo, halafu akaolewa na kuletwa huku.

"Kuimba hakukunichosha, Mama Wakesho," alimwambia mama yangu. "Kungoja sauti irudi ndiko kulikonichosha."

"Pole, mama," Mama alijibu, mikono ikiwa ndani ya karai tangu asubuhi. "Kuchoka nakujua."

Mimi nilijigamba shuleni hadi mwalimu akanipa barua ya kumwalika siku ya wazazi. Mama Otilia aliisoma mara mbili.

"Umewaambia nini, Wakesho?"

"Kwamba hakuna anayeimba kama Mama Otilia."

Akaikunja barua. "Basi nitakuja."

Alikuja na gauni la mahameli ya kijani, akasimama mbele ya ubao. Mwanzoni sauti ilikuwa nzito na tamu, wazazi wakatulia. Alipoipandisha ikapasuka, ikakwaruza kama ya jogoo mchanga. Mtoto mmoja akacheka, kisha benchi zima, na mimi, nisionekane mtu wake, nikacheka pia. Aliniona. Hakukatisha. Alimaliza wimbo, akainamisha kichwa taratibu, akatoka akimshika Mama mkono.

Mama hakunichapa. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kesho utamwomba radhi."

Nilikwenda. "Nisamehe, mama."

"Ulaya nilizomewa na watu wazima waliovaa glavu," alisema. "Wewe ni mtoto. Shika upande huo wa shuka."

Alifariki mwaka uliofuata, na sikumsikia akiimba tena.

Leo nimempita umri. Nilifundisha katika shule ya Marungu miaka mingi, na vumbi la chaki likanimaliza koo. Kanisani Voi vijana wana vipaza sauti na vinanda vya umeme, na huja kwangu kwa heshima: "Bibi, tuimbie ubeti mmoja tu wa Kidawida, lugha yetu ya Kitaita, tusije tukausahau." Ubeti ninaujua wote. Nami huwaambia kifua kinanibana, na hubaki nimeketi, macho kwenye benchi la watoto.