Skrini ya Mwenye Mpunga

Sijawahi kuomba radhi kwa uamuzi ule, na leo sianzi.

Programu ya kupokelea mpunga katika ghala moja la Rujewa niliiandika mwenyewe, nikiwa nimetoka tu chuoni Iringa na kiburi cha cheti kipya. Ilikaa pale miaka mingi ikila vumbi la pumba, haikumsumbua mtu. Kisha kompyuta yake ikafa, na mpya iliyoletwa ikaikataa programu yangu katakata. Meneja akanipigia simu Mbeya: niiandike upya, tena iwe ya kisasa.

Kuandika sikuogopa. Kilichoninyima raha ni kuchagua kiunzi, yaani zile zana zinazokupa vitufe, visanduku na menyu ili usichonge kila kitu mwenyewe. Ukishakichagua kiunzi umefunga ndoa ya kanisani, talaka hakuna.

Meneja alikuwa ameshapata mshauri, bwana mmoja nadhifu kutoka Dar. Alisema dunia nzima imehamia kwenye kivinjari, kwa hiyo tujenge kurasa za kufunguliwa humo, zenye rangi, za kubonyeza kwa mausi. Viunzi vya programu za mezani, zile zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe, alisema, vimeachiwa wazee. Nakiri alinishawishi. Nilijenga kurasa tatu, nikazipenda kweli, nikazipeleka Rujewa zijaribiwe.

Mezani pa mizani hukaa karani mmoja, mama wa Kisangu aliyeanza kazi pale kabla yangu. Mkono wake wa kulia hushika bambo, ule msumari mnene wenye tundu anaouchoma kwenye gunia ili atoe punje azikague. Wa kushoto huchapa uzito. Skrini imempa kisogo. Inamtazama mkulima, aliyesimama upande wa pili akisoma mwenyewe kilo za gunia lake. Ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo, kwa sababu mkulima wa Usangu hapokei namba ya kusimuliwa. Mimi niliyeiandika programu nilikuwa nimelisahau hilo. Nilikaa mjini mno, nikaanza kudhani skrini ni ya anayechapa.

Mama akachapa tisini na mbili, akabonyeza kitufe cha kibodi alichokizoea ili gunia lifuatalo liingie. Ukurasa wangu mzuri ukabaki palepale, ukisubiri mausi. Yeye hakujua, akachapa themanini na nane, namba zikaungana na zile za kwanza. Mkulima ndiye aliyeona.

"Mama, gunia langu moja limefika kilo elfu tisa," alisema.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Meneja akatoa dawa yake hapohapo: skrini igeuzwe imwelekee anayechapa, na kama mausi inamshinda huyu, atafutwe mwingine. Aliyasema hayo mbele yake, kama anayezungumzia feni mbovu.

Mama akanigeukia mimi. "Mwanangu, mimi hiyo skrini siangaliagi. Ni ya mwenye mpunga."

Hasira zilinipanda, na sehemu kubwa ya hasira zile ilinistahili mwenyewe. Nilirudi Mbeya nikafuta kurasa zote tatu. Nikachukua kiunzi cha mezani, hichohicho cha wazee, nikaweka kila kitufe pale vidole vya mama vinapokijua. Nikaweka mlio mfupi gunia linapoingia na mlio mzito akikosea, na namba kubwa za kusomwa na mtu aliye hatua tatu mbali. Kivinjari nacho kingeweza kulazimishwa kufanya hivyo, najua. Mimi sikutaka kulazimisha.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja, palepale ghalani, na karani aliitwa asikie hatima yake. Mshauri aliitazama kazi yangu akatabasamu. "Dada, hii sura ni ya kizamani."

Nikamjibu kwamba anayetaka sura nzuri akajitazame kwenye kioo, hapa tunapima mpunga. Meneja hakupenda. Akasema basi niandike barua kwamba programu ikishindwa, lawama ni yangu peke yangu na kazi pale nimeikosa. Alidhani nitanywea. Niliomba karatasi, nikaandika neno kwa neno kama alivyotaka, nikasaini.

Kabla hajaichukua, mama akaivuta ile barua. Aliisoma yote taratibu, midomo ikitembea.

"Mbona jina langu halimo?" akauliza. "Atakayeitumia ni nani?"

Meneja akamwambia barua ile haimhusu. Mama akajifuta vumbi la pumba kwenye kitenge, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika jina lake chini ya langu kwa herufi kubwa. Kisha akarudi kwenye mizani, maana watu walikuwa wanasubiri.