Kishungi Kifupi cha Mwana Hiti

Aya moja niliyoiandika mwenyewe ndiyo iliyonitoa Morogoro mjini Alhamisi asubuhi. Kamati ya makumbusho yetu ndogo ilikuwa imenipa, mimi mwalimu wa kike wa sanaa, mwana hiti mmoja nimkague: kile kinyago kisicho na mikono wala miguu, chenye vishungi viwili vya nywele, ambacho binti wa Kiluguru hupewa akiwekwa ndani akilee kama mtoto. Mfanyabiashara aliyekutwa nacho alidai amechongewa Gairo. Kishungi cha kulia kilikuwa kifupi, nami kwa mbwembwe zangu nikaandika: “Kazi mpya ya fundi asiye na ujuzi, ameshindwa kusawazisha vishungi; ubavu mmoja umechongwa ovyo.” Kwa aya hiyo, Ijumaa saa sita mchana mfanyabiashara angekabidhiwa aondoke nacho.

Jumatano, wakati nakifunga, vidole vyangu vilibaki vinanukia karafuu. Gairo ni mahindi na karanga. Karafuu iko milimani kwa Waluguru. Niliogopa: huenda kimeibwa huko. Nikamwomba katibu wa kamati ruhusa ya kusafiri nacho, naye akakubali kwa sharti kirudi kabla ya saa hiyo.

Saa tatu nilikuwa Mkuyuni. Nilimuuliza mama mmoja muuza viungo sokoni kama kuna nyumba iliyopotelewa na kitu cha kike. Aliangalia kushoto na kulia kwanza. “Nenda Kinole kwa Bi Mwajuma,” akasema. “Aliibiwa watu wakiwa mazikoni. Kilichoibwa hataki kukitaja, lakini kulia analia.”

Kinole nilifika saa saba, pikipiki imeteleza mara mbili kwenye utelezi na mimi nimekikumbatia kinyago kifuani ndani ya kanga yangu. Bi Mwajuma, mwanamke wa rika la bibi yangu, alikuwa anaanika karafuu uani na kaka zake wawili.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Haraka haina baraka. Nilianza kufungua kanga pale pale.

“Funika!” alifoka. “Huoni wanaume?”

Kaka zake wakageuza nyuso. Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ninafundisha habari za unyago darasani, na kitu chenyewe nakianika mbele ya watu kama kitenge cha mnadani! Akanivuta chumbani na kufunga mlango kwa komeo.

“Bibi,” nikasema, “kabla sijafungua, niambie kikoje.”

“Unanijaribu nyumbani kwangu?”

“Nisamehe. Nikikosea tena, kesho saa sita kinaondoka.”

Alilikagua komeo la mlango tena. Hatimaye akasema, “Kishungi chake kimoja kifupi.”

“Kipi, bibi?”

“Cha kushoto.”

Nikaanza kulikaza tena fundo la kanga. Akaniona, akanyoosha kidole hewani. “Kushoto kwangu mimi, nikimtazama usoni. Kwake yeye ni kulia. Nilimwangusha nikiwa mwali, akagonga jiwe la jikoni. Bibi yangu hakunichapa. Alinipa mafuta ya nyonyo, akasema nimpake pale palipovunjika kila siku mpaka pawe laini. Mabinti wote walionifuata wamempaka hapo hapo.”

Nikafungua. Alimpokea kwa mkono wa kushoto, na ubavu ule ambao nilikuwa nimeuandika “umechongwa ovyo” ukaingia kwenye kiwiko chake bila kubaki nafasi. Fundi hakuwa na kosa. Iliyomsugua vile ni mikono ya mabinti. Hata harufu alinieleza: humhifadhi ndani ya karafuu, wadudu wasimle.

“Umenirudishia,” akauliza, “au umenionyesha?”

Swali hilo liliniuma. “Kwa leo nimekuonyesha tu, bibi.”

Alifunga kanga yake upya kiunoni. “Basi hatoki hapa bila mimi.”

Ijumaa tuliteremka mapema, na saa tano na nusu tukaingia ofisini. Mfanyabiashara alikuwa ameshaketi na kikapu chake mapajani.

“Mwalimu,” akasema, “si uliandika mwenyewe?”

“Niliandika,” nikajibu. “Nilikosea.” Nikachukua kalamu, nikaikata ile aya mbele ya kamati nzima. Katibu, ambaye ni mwanamke, akampeleka Bi Mwajuma chumba cha pili, akayasikia yale yale niliyoyasikia mimi. Alipotoka alimwambia mfanyabiashara asiondoke. Polisi watakuwa na maswali.

Siku tatu nilikuwa nimekipima kinyago kile kwa rula na lenzi, nikahukumu ujuzi wa marehemu fundi na asili ya kazi yake. Sikuwa nimekipakata kama mtoto hata mara moja. Ningekipakata, kiwiko changu kingeniambia.

Bi Mwajuma aliitwa mezani aweke dole gumba kwenye hati ya kukabidhiwa. Akanipa nimshikie mwana hiti wake, amefunikwa vizuri kwa kanga. Nikampokea kwa kumshika kiuno, kama mtu anavyoshika chupa.

“Mwalimu,” akasema bila kugeuka, “mshike kichwa.”

Nikapeleka kiganja nyuma ya vishungi.