Turbo Haiponyeshi Moteri Iliyochoka

Nakumbuka asubuhi ile turbo ilipoingia kwenye garaji yetu ya Makiso, hapa Kisangani, imefungwa ndani ya kitenge kipya kama mtoto anayetoka hospitali. Mwanangu, jana uliniuliza kama uweke turbo kwenye gari lako au ubadilishe moteri, injini yenyewe. Kaa chini. Nitakujibu, lakini kwa njia yangu, na usinikate maneno.

Nilikuwa kijana, fundi chini ya Papa Sefu, mzee aliyetoka Maniema na sanduku lake la funguo, zile spana. Kamio, yaani lori, iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa ya citoyen Lotuli. Wakati ule wa Zaire sote tulikuwa citoyen, raia, hakuna bwana wala mheshimiwa, lakini Lotuli alikuwa citoyen kutushinda sisi wengine. Alikuwa mkubwa wa chama mtaani kwetu, na abakosi yake, suti ya chama isiyo na tai, haikupata mkunjo hata siku za mvua. Kamio yake ilikwenda Banalia kila juma, na juu ya mizigo walikaa mama wa soko wanaofuata mchele na mawese. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao.

Sasa, pale Banalia, ukishavuka mto kwa kivuko, unapanda. Mupando ule tuliuogopa. Dereva husimama chini, watu wote washuke waende kwa miguu, na mmoja afuate nyuma na gogo la kuweka chini ya tairi kama kamio itashindwa. Ndiyo ilikuwa desturi, na iliokoa watu wengi. Lotuli aliichoka. Alitaka mizigo izidi, na watu wabaki juu wasimpotezee wakati. Ndiyo maana akaagiza turbo kutoka Kinshasa.

Na moteri yenyewe ilikuwa imekwisha. Ilikuwa inakunywa oili kama mlevi, na moshi wake wa buluu ulitangulia kufika kabla yake. Turbo haina nguvu ya kwake, mwanangu. Inasukuma hewa nyingi ndani ya moteri ili mazutu, yaani dizeli, nyingi ziungue, na joto nalo linapanda. Moteri yenye kifua kizima, inayobana hewa vizuri, iliyotayarishwa, itavumilia. Iliyochoka itapasuka, na itapasuka pale inapolazimishwa zaidi, yaani katikati ya mupando, mto ukiwa nyuma. Lotuli alilijua jambo hilo vizuri. Alikuwa dereva kabla ya kuwa mkubwa.

Nikamwambia Papa Sefu kwamba moteri ile ni ya kubadilisha, si ya kuongezea kitu. Akatazama chini.

"Funga tu, mwanangu," akasema. "Mwenye nguvu mpishe."

Saa ya kula nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anatwanga pondu.

"Mama, safari hii usipande," nikamwambia. "Sema uko mugonjwa."

Akataka kujua sababu, nikamweleza yote. Akauweka mchi chini.

"Donc mie nibaki. Na bale bamama bengine? Iko mbuzi?"

Nikainama kuuokota mchi.

"Sikuzaa mutoto wa kuokoa mama yake peke yake," akasema. "Rudia kule, ukatale. Wewe ukishindwa kusema, nitasema mie."

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, yakanifungua. Nikarudi. Alinifuata nyuma na kikapu chake kichwani. Lotuli alikuwa amesimama garajini, na wale mama walikwisha kuanza kupakia. Nikaweka ufunguo wangu chini mbele yake.

"Citoyen, sifungi."

"Kamio iko yangu," akasema, bado anacheka. "Turbo iko yangu. Kazi yako iko kufunga."

"Kamio iko yako. Watu wa juu haiko yako. Leta moteri ingine, nitafunga. Ama panda wewe juu ya mizigo, ukae na bamama mpaka mupando uishe. Ukikubali, ninafunga leo."

Akaacha kucheka. Akaitazama turbo, akaitazama mizigo. Hakukubali kupanda, na wale mama wote waliona kwamba hakukubali. Mama yangu akamwita kila mmoja kwa jina la mtoto wake, mama fulani, mama fulani, na vikapu vikaanza kushuka.

Walinikamata, nikalala kasho, yaani mahabusu. Walisema nimekosea chama heshima. Mama aliniletea pondu na chikwange, na askari wa mlangoni akala nusu, tena akalalamika kwamba pilipili ni kidogo. Sikujuta kule ndani, na hata leo sijuti. Nchi nzima wakati ule ilikuwa inatiwa turbo, majina mapya, nyimbo mpya, na moteri ni ileile. Kule kasho sikulisema. Leo nalisema.

Lotuli angempata fundi mwingine wa kufunga turbo, Kisangani haikosi mwenye njaa. Wa kupanda ndio hakuwapata. Kamio isiyo na mizigo ni chuma tu. Mwishowe akaiuza turbo yake, akanunua moteri ya kamio iliyokufa huko Lubunga, ng'ambo ya mto wa mjini kwetu. Tuliivusha mto juu ya pirogi mbili zilizofungwa pamoja. Papa Sefu mwenyewe alikuja kunichukua nyumbani. "Wewe ulikatala," akasema, "wewe utafunga." Moteri ile haikuwa kubwa kuliko ya kwanza, lakini ilikuwa nzima. Tukaichomea vikalio vipya vya kuishikilia, tukapatanisha klachi na giaboksi, tukatengeneza breki. Na wewe usisahau breki.

Kwa Papa Sefu sheria ilikuwa moja: aliyefunga moteri anapanda safari ya kwanza. Nikakaa juu ya mizigo. Pale Banalia watu wote wakashuka, kama desturi. Mama akabaki.

"Mama, shuka."

"Nishuke sababu ya nini? Ni weye ulifunga."

Niliogopa, mwanangu, nisikufiche. Nikamshika mkono. Kamio ikaanza kupanda, polepole sana, hata waliokwenda kwa miguu wakatupita wakituchekelea. Haikusimama. Tulipofika juu, mama akakohoa, akafunga kitenge chake upya.

"Kweli," akasema, "inatembea kama kobe."

Basi jibu lako ni hili. Pima kifua cha moteri kwanza. Ikiwa nzima, na fundi anajua kuitayarisha, turbo ni msaada. Ikiwa imechoka, badilisha, hata kama utakwenda polepole, maana nguo ya kuazima haisitiri matako. Na wakikuambia mwenye nguvu mpishe, mpishe njiani, lakini kwenye kazi ya mikono yako usimpishe, kwa sababu juu ya kazi hiyo watakaa watu.

Mungu akupe mikono inayojua kufunga na kinywa kinachojua kukataa. Na siku ya mupando wako, awepo mtu atakayebaki juu kwa sababu ni wewe uliyefunga.